Kuchi wa Ngaramtoni: shajara ya mayai yaliyogoma kuangua

8 Januari 2023

Leo nimefungua daftari. Jana nilitoa vifaranga 11 kati ya mayai 42, mke wangu akauliza safari iliyopita walitoka wangapi. Nikasema ishirini na kitu. Akasema hapana, walikuwa 14. Tukabishana hadi ugali ukapoa, tena juu ya namba ambayo hakuna kati yetu aliyeiandika. Basi kuanzia leo naandika, na naandika ili mwenye kuku wa aina adimu aone nilipopita na nilipoanguka.

Kwa asiyewajua: kuchi ni kuku wa kienyeji mrefu, miguu minene, shingo imesimama, manyoya machache yaliyoubana mwili, mdomo mfupi uliopinda kama wa mwewe. Wengi hutoka Tabora, Shinyanga na Mwanza, na wapo pia pwani hadi Lamu. Jogoo aliyekomaa anaweza kupita kilo 3. Ugomvi ni wa kuzaliwa nao. Utagaji ni hafifu, mayai kumi na kitu kisha anataka kuatamia. Ndiyo maana wanazidi kuwa wachache: anayetaka mayai anafuga chotara, anayetaka nyama ya haraka anachukua Sasso au Kuroiler, na kuchi halisi anabaki kwa vichaa kama mimi.

Wangu, hapa Ngaramtoni, Arusha, walianza mwaka 2019, jogoo mmoja na matetea wawili kutoka Singida. Leo nina jogoo mmoja na matetea 9, wote uzao wa hao watatu. Sijawahi kuingiza kuku wa nje, na hilo ndilo nililokuwa nikijisifia kwa wateja: "damu safi, haijachanganywa."

Kazi yangu ni ufundi wa friji. Mashine ya kutotolea niliitengeneza kwa friji lililokufa: boksi lake linashika joto vizuri, ndani nikaweka balbu mbili, feni ya kompyuta, kidhibiti joto cha dijitali na trei ninayoigeuza kwa mkono mara tano kwa siku. Inabeba mayai 70. Kwa hiyo vifaranga wanapotoka wachache, cha kwanza ninachokishika ni bisibisi.

19 Februari 2023

Nimeshika bisibisi wiki tatu. Nimenunua kidhibiti joto kipya na vipimajoto viwili (48,000), na feni yenye nguvu zaidi (15,000). Kipimajoto cha zamani kilikuwa kinadanganya kwa nusu nyuzi, kinasoma 37.6 wakati ndani ni 37.1. Nikaamini nimemkamata mwizi. Nikatoboa na matundu mawili zaidi ya hewa juu, nikijua vifaranga wanahitaji kupumua.

Mayai 40, vifaranga 13. Wawili kati yao vidole vimepinda, mmoja mdomo wa juu na wa chini havikutani. Huyo alikufa siku ya tatu.

Kumbuka hayo matundu mawili. Tutayarudia.

26 Aprili 2023

Mke wangu ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi fundi nilipaswa kuliuliza Januari: "Mashine kama mbovu, si itakuwa mbovu kwa kila yai?"

Nikaenda kwa jirani, anafuga kienyeji cha kawaida, kuku wa kila rangi, majogoo wanne wanazurura. Nikanunua mayai 30 yaliyotagwa ndani ya siku tano. Nikachukua na 30 yangu ya umri huohuo. Nikaandika J na K kwa penseli (kalamu ya wino usitumie, yai linapumua), nikayachanganya kwenye trei moja ili hata kona yenye baridi iyapate wote sawa. Yameingia tarehe 4, yametoka jana.

Ya jirani: mayai 3 hayakuwa na mbegu, 27 yalikuwa nayo, vifaranga 22.

Yangu: mayai 9 hayakuwa na mbegu, 21 yalikuwa nayo, vifaranga 8.

Mashine moja, siku zilezile, hata umeme ulipokatika usiku mmoja kwa saa nne ulikatika kwa wote. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama zile namba. Shilingi 63,000 nilizokwisha kuzitia kwenye nyaya zilikuwa zinajibu swali ambalo si la kwanza.

Safari hii sikuyatupa mayai viza. Nilitoka nayo nyuma ya banda, nikavaa barakoa, nikapasua moja moja. Harufu ni adhabu lakini kazi hii haina mbadala, kwa sababu yai lililokufa linakwambia lilikufa lini. Lenye pete ya damu lilikufa wiki ya kwanza. Lenye kifaranga mdogo mwenye jicho jeusi na manyoya yanayoanza lilikufa katikati. Lenye kifaranga kamili aliyejikunja lilikufa mwishoni. Kati ya 13 yangu yaliyokufa, 6 ni wiki ya kwanza, 2 katikati, 5 mwishoni. Ya jirani yaliyokufa ni 5: moja mwanzoni, 4 mwishoni.

(Hao wanne wa mwishoni wa jirani niliwaandika kisha nikawasahau. Nimeirudia mistari hii Juni 2024 nikajipiga kofi.)

7 Mei 2023

Afisa mifugo alipita kwa ajili ya chanjo ya kideri. Nikamwonyesha daftari. Akauliza swali moja tu: "Baba wa huyu jogoo ni nani, na mama wa hawa matetea ni nani?" Nikaanza kujibu kwa madaha, katikati sauti ikanipotea.

Nilichora ukoo wao kwenye karatasi ya kalenda. Jogoo wa kwanza alifariki 2021, mwanawe akarithi banda. Matetea wawili wa mwanzo walikuwa dada wa tumbo moja, nilimpigia mzee aliyeniuzia Singida akathibitisha bila hata kufikiri. Kwa hiyo jogoo wangu wa sasa anawapanda dada zake, na kuanzia mwaka jana anawapanda binti zake aliozaa na dada zake.

Hesabu yake si ngumu. Kaka kwa dada, au baba kwa binti, kifaranga ana uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi kitu kilekile kutoka pande zote mbili. Baba mmoja mama mbali, 12.5. Mtoto wa mkubwa kwa mtoto wa mdogo, 6.25. Wangu, jogoo na binti aliyezaa na dada yake: 37.5. Na hapo nimechukulia kwamba wale matetea wawili wa Singida hawakuwa ndugu wa jogoo wa kwanza, jambo ambalo siwezi kuliapia.

Kila kuku ana kasoro zake zilizojificha kwenye damu, na nyingi hazimdhuru kwa sababu ana nakala nyingine nzima kutoka kwa mzazi wa pili. Ukiwapandisha ndugu, nakala mbovu mbili zinakutana. Nyingine zinaua kiini tete kabla hata moyo haujashika kasi. Hizo ndizo pete zangu za damu. Nyingine zinapunguza mbegu za jogoo, nyingine zinatoa mdomo uliopishana. Vidole vilivyopinda peke yake visikutie hofu ya damu mara moja, maana upungufu wa vitamini B2 kwenye chakula cha wazazi nao huvileta. Nilirekebisha chakula (premiksi yenye vitamini, dagaa, majani mabichi kila siku) kwa wiki sita, vidole vikapungua, mayai yakaendelea kugoma.

Kitu kilichonishtua zaidi ni hesabu ya ukubwa wa kundi. Mimi nilijua nina kuku 10. Ukizidisha majogoo kwa matetea kwa 4, ukagawa kwa jumla yao, unapata idadi ambayo damu "inaiona". Jogoo 1 na matetea 9: 36 gawa kwa 10, yaani 3.6. Ningeongeza matetea hadi 30 kwa jogoo huyohuyo, ingekuwa 3.9. Tofauti ya kuku 21 na damu haijali. Majogoo 3 na matetea 9 walewale: 9 kamili. Yaani gunia zote za pumba nilizonunua ili kuongeza matetea zilikwenda bure, nilichohitaji ni majogoo.

20 Agosti 2023

Miezi mitatu ya kutafuta damu ya nje. Naandika hasara kwa utaratibu.

Ya kwanza. Jogoo "kuchi halisi" kwenye soko la Tengeru, 70,000. Mrefu, mgomvi, nikaridhika. Nyumbani nikamtazama kwa utulivu, upanga wake wa kichwani ulikuwa mmoja, mkubwa, wenye meno, wakati wa kuchi huwa mdogo uliolala juu ya kichwa. Nikajipa moyo. Nilimweka na kuku mmoja wa kawaida kwa majaribio, vifaranga wakakua haraka kwa namna ambayo kuchi hajawahi kukua. Ni chotara wa Malawi au Sasso, Mungu ndiye ajuaye. Tulimla Nane Nane, alikuwa mtamu.

Ya pili. Mayai 30 kutoka Shinyanga kwa basi, 1,500 kila moja, na mzigo 7,000. Nikayaweka kwenye mashine jioni ileile kwa pupa. Walitoka vifaranga 4, na wawili tu wakafika mwezi. Nilipoyamulika nilikuta kile chumba cha hewa upande butu kimeachia, kinacheza kama pima maji ya fundi mwashi. Yai lililosafiri barabara ndefu lazima lipumzike siku nzima, ncha kali ikiwa chini, ndipo liingie. Hata hivyo sidhani yangeokoka mengi, boksi lilifika limelazwa ubavu.

Ya tatu ndiyo tamu. Nilisikia kuna mzee Moshi, mtaa wa Pasua, ana jogoo wa kuchi asiye na mfano. Nikapanda gari asubuhi. Kweli, jogoo mwekundu mweusi, kifua kama mlango. Mzee anataka 130,000, mimi tayari mkono uko mfukoni.

"Shikamoo tena mzee, samahani, huyu ulimtoa wapi?"

"Marahaba. Huyu? Nilimnunua akiwa kifaranga kwa kijana mmoja wa Arusha. Anatengeneza mafriji."

Nikainama kumtazama mguu wa kushoto. Kidole cha nje kimepinda kuelekea ndani, alama ya ukoo. Nilikuwa nakaribia kulipa nauli, na 130,000 juu yake, kununua damu yangu mwenyewe. Mzee alicheka hadi akakaa chini. Ila kwa wema wake akanielekeza kwa mtu mwingine palepale Moshi aliyeleta kuku wake kutoka Tabora. Tangu siku hiyo swali la "ulimtoa wapi" naliuliza kabla ya bei.

12 Novemba 2023

Sasa nina damu tatu. Jogoo wa Tabora kupitia Moshi (150,000). Jogoo wa Shinyanga niliyemfuata mwenyewe (120,000), pamoja na matetea wawili wa hukohuko kutoka nyumba nyingine (60,000 kila mmoja). Nauli, kibali cha kusafirisha na tenga, 96,000.

Walipaswa kukaa peke yao siku 30. Siku ya 12 mvua za vuli zikaezua banda lao dogo, nikasema ah, wanaonekana wazima, nikawaingiza kwa wenzao. Siku nne baadaye mafua: macho yamevimba, pua zinatoa ute, banda zima linakoroma. Dawa 38,000, na matetea 3 wa zamani wamekufa. Nilikuwa na turubai nyumbani. Turubai tu lingetosha.

Mabanda matatu yamekamilika (210,000 mbao, waya na bati). Hapa nako kuna somo la kuchi peke yake: kati ya banda na banda usiweke waya mtupu. Majogoo wakionana wanapigana kupitia waya mchana kutwa. Yule wa Tabora aliupasua, akaingia kwa jogoo wangu wa zamani, na hadi natoka na fimbo huyo wa zamani alikuwa amechanika mguu. Nimeziba kwa bati hadi usawa wa kiuno, kelele zimepungua.

4 Februari 2024

Kosa la aibu kwa mtu aliyejifanya anaandika kila kitu.

Niliwagawa hivi: banda Jekundu, jogoo wa Shinyanga na matetea 3 wa zamani. Banda la Njano, jogoo wa Tabora na matetea 3 wa zamani. Banda la Bluu, jogoo wangu wa zamani na wale matetea 2 wa Shinyanga, kwa sababu sikutaka damu ya Singida upande wa baba ipotee kabisa. Majogoo 3, matetea 8, kwa ile hesabu ni 8.7.

Nikaanza kukusanya mayai siku ya tano baada ya kuwagawa, mikono inaniwasha. Vifaranga 24 wakatoka, nikawasifia kwa kila mtu. Afisa mifugo akauliza nilisubiri siku ngapi. Kumbe tetea anahifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake, wiki mbili na wakati mwingine zaidi. Mayai ya siku zile yanaweza kuwa ya jogoo mpya, yanaweza kuwa ya yule wa zamani, na hakuna wa kukuambia. Wiki tatu ndizo za kusubiri, mayai ya kipindi hicho unakaanga.

Vifaranga wote 24 nimewaondoa kwenye mpango. Watauzwa kama nyama wakikua.

30 Juni 2024

Mayai safi ya kwanza, Jekundu na Njano (wale wa Shinyanga kwenye Bluu wamegoma kutaga tangu wahame). Mayai 36, yenye mbegu 32. Toka 21 kwa 30 hadi 32 kwa 36! Pete za damu ni 2 tu. Nilikuwa nimeshaanza kuimba.

Vifaranga 19.

Waliokufa 13: wawili mwanzoni, mmoja katikati, na kumi mwishoni. Kumi wakubwa, kamili, baadhi wametoboa tundu kwenye ganda kisha wamekwama, utando wa ndani umekauka umewabana kama nailoni. Hii si damu. Kifaranga ambaye baba yake ni mgeni kabisa hana shida ya undugu yeye mwenyewe, hata kama mama yake amezaliwa na kaka na dada. Mama wa namna hiyo anaweza kutaga yai dhaifu, lakini si kwa kiwango hiki.

Nilirudi kwenye daftari hadi Aprili ya mwaka jana. Ya jirani yaliyokufa mwishoni: 4 kati ya 5. Mashine niliyoifutia kesi ilikuwa na kesi yake, ndogo, iliyojificha nyuma ya ile kubwa.

18 Agosti 2024

Nimenunua mizani ya jikoni inayosoma gramu (22,000) na kipima unyevu (12,000).

Yai hupoteza maji kadiri linavyokaa kwenye joto, na linatakiwa kupoteza asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake hadi siku ya 18. Nilipima mayai 10 pamoja: gramu 520 yakiingia. Siku ya 18 nilitarajia yawe kati ya 452 na 463. Yalikuwa 436. Asilimia 16 imekwenda na hewa.

Kipima unyevu kilikuwa kinasema asilimia 55, namba nzuri kabisa ya kitabuni. Nikakifanyia jaribio la chumvi: kifuniko cha soda, chumvi ya mezani, matone ya maji hadi iwe uji mzito, kisha unakifungia pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki kwa saa 8 au zaidi. Hewa ndani ya mfuko huo inafika 75, haijalishi uko wapi. Changu kilisoma 84. Yaani 55 yake ilikuwa 46.

La pili ni mahali tulipo. Arusha tuko mita kama 1,400 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa Dar es Salaam. Hewa nyepesi inalinyonya yai maji haraka zaidi. Ongeza Julai ya Ngaramtoni, baridi na kavu ukishapasha joto, halafu ongeza yale matundu mawili niliyotoboa Februari 2023 kwa ujuzi wangu mwenyewe.

Dawa: tundu moja nimeliziba kwa gundi. Bakuli moja la maji limekuwa mawili mapana, kwa sababu kinachohesabika ni upana wa uso wa maji, kina hakina kazi. Siku tatu za mwisho naongeza sponji mbili zilizolowa. Nalenga 58 ya kweli hadi siku ya 18, kisha 70. Hiyo 58 ni ya hapa kwangu. Mwenzangu uliye Moshi mjini, chini zaidi, pima mayai yako usiige namba yangu.

Jekundu na Njano: mayai 38, yenye mbegu 34, vifaranga 28. Nilihesabu mara tatu.

Bluu wameanza kutaga: mayai 14, yenye mbegu 5, vifaranga 4.

13 Oktoba 2024

Fumbo la Bluu. Mbegu ndizo hazipo, viini vilivyopo havifi. Nikasema ni uzee, jogoo ana miaka minne sasa. Nikaanza kumwandalia mrithi.

Mke wangu alikaa kwenye kibaraza jioni mbili akichambua mchele, akaja akaniambia: "Huyu anataka, ila hawezi kusimama. Akipanda anateleza mguu wa kulia." Nikamkamata. Chini ya kanyagio, mguu uleule uliochanika Novemba, kuna uvimbe mgumu wenye kidonda cheusi katikati. Mwaka mzima anapita mbele yangu anawika, nami sikuwahi kumgeuza mguu.

Nimeuloweka kwa maji ya chumvi, nikatoa usaha uliokauka, nikafunga bandeji na dawa ya vidonda, matandazo ya maranda yakaongezwa na kijiti cha kulalia nikakishusha. Wiki tano. Mayai 16, yenye mbegu 12, vifaranga 10. Gharama haikufika 6,000.

9 Machi 2025

Utaratibu wa mabanda unafanya kazi, nauandika kwa ufupi. Binti anabaki kwenye banda alilozaliwa. Kijana bora anahama: wa Bluu kwenda Jekundu, wa Jekundu kwenda Njano, wa Njano kwenda Bluu. Upande wa mama wengi wanakutana kwenye ile damu ya Singida, hivyo undugu haujaisha. Kwa hesabu yangu vifaranga wa uzao huu wako kati ya asilimia 5 na 10. Kutoka 37.5 naweza kuishi na hilo.

Kosa la msimu: alama. Niliwafunga vifaranga tai za plastiki za rangi mguuni, nikasafiri kwa kazi Babati siku kumi. Miguu ya kuchi inanenepa haraka. Watatu nilikuta wamevimba, mmoja alichechemea moja kwa moja. Wengine 7 tai zilidondoka na sasa hawana ukoo. Siku hizi natoboa utando kati ya vidole kwa kitoboleo kidogo siku ya kwanza: kushoto nje ni Jekundu, kushoto ndani Njano, kulia nje Bluu. Tundu likijiziba, narudia wiki ya pili.

Mayai ya kwanza ya matetea wachanga: 33, yenye mbegu 28, vifaranga 21. Mayai ya mwanzo ni madogo, sijakata tamaa wala sijafurahi.

2 Novemba 2025

Msimu wa Agosti hadi Oktoba, mabanda yote matatu kwa pamoja: mayai 60, yenye mbegu 54, vifaranga 44. Mdomo uliopishana hakuna. Kidole kilichopinda, mmoja, banda la Njano, mguu wa kushoto. Nilimtambua kabla sijamgeuza. Huyo hatazaa, ataliwa, na kaka zake nimewafungia pembeni niwaone hadi wakue.

Matumizi tangu Januari 2023, bila chakula: vifaa vya mashine 63,000, jogoo bandia wa Tengeru 70,000, mayai ya basi 52,000, kuku wanne wa mbegu 390,000, safari 96,000, dawa za mafua 38,000, mabanda 210,000, mizani na kipima unyevu 34,000. Jumla 953,000. Mke wangu anasema niongeze 6,000 za mguu, basi 959,000. Nimeuza majogoo wachanga 11 mwaka huu, kati ya 45,000 na 80,000 kila mmoja, na kila mnunuzi namwandikia kwenye karatasi ni wa banda lipi. Mzee wa Pasua amechukua wawili wa Njano. Yeye ndiye aliyeniomba ile karatasi kabla sijaitoa.

Jogoo wangu wa zamani amepumzika, anazurura uani na hapandi tena. Bado natafuta jogoo wa nne, asiwe wa Singida wala wa watu waliowahi kununua kwangu, na hilo la pili ndilo linalonisumbua, kwa sababu vifaranga wa 2020 na 2021 niliwauza bila kuandika jina la mtu. Kuna mtu Babati ameniahidi. Nitamwuliza alimtoa wapi.

Asubuhi hii nimeingiza mayai 52. Mayai kumi ya kupimwa ni gramu 531. Yanatoka tarehe 23.